Gari Lililolala Garissa

Mtu wa Limuru au Nyahururu akiwasikia watu wa Garissa wakinung'unika kwamba magari yao hupiga kelele yakiwashwa yakiwa baridi, huenda akacheka mpaka machozi yakamtoka, kwa kuwa mji ule ulioketi kando ya Mto Tana, mita 150 hivi tu juu ya usawa wa bahari, haujui baridi ila kwa kusimuliwa: jua lake la mchana hufikia nyuzi 35 bila taabu, na usiku wake, hata ule wa Julai ambapo wazee hutafuta shuka ya pili, ni nadra kushuka chini ya nyuzi 20. Walakini kicheko hicho ni cha mtu asiyeijua lugha ya mafundi. Baridi ya injini haitoki angani. Injini huwa baridi pindi ilalapo usiku kucha bila kuguswa, oili iliyokuwa imepanda mpaka kwenye kamshafti ikashuka tone baada ya tone na kutuama chini katika sampu, vyuma vikanywea kila kimoja kwa kadiri ya jinsi yake, na nafasi zilizokuwa zimezibwa na joto zikafunguka tena. Na kati ya nyuzi 24 za alfajiri ya Garissa na nyuzi 85 au 90 ambazo injini huzitaka ili ifanye kazi kwa raha, pana safari ndefu ya kutosha kufichua kila aibu iliyomo ndani yake.

Katika safari hiyo kelele ndiyo shahidi, nayo ni shahidi mwenye tabia ngumu, kwani hutoa ushahidi mara moja tu kwa siku, kwa muda wa sekunde tatu au dakika tatu, kisha hunyamaza mpaka kesho yake. Mwenye gari naye, aghalabu, hulipeleka gereji adhuhuri, baada ya kwenda nalo sokoni, akalirudisha nyumbani, akalitoa tena kumchukua mtoto madrasa, na afikapo mbele ya fundi injini imekwisha kupata moto, inanguruma kwa adabu kama kwamba haikuwahi kumwudhi mtu maishani mwake. Hapo fundi mwaminifu husema kwamba hakusikia kitu, na fundi asiye mwaminifu husema kwamba amesikia. Injini nyingi zilizofunguliwa bure katika nchi hii, kwa nionavyo mimi, zilifunguliwa kwa sababu mgonjwa aliletwa kwa tabibu saa isiyo yake.

Nami nimo katika hesabu ya wajinga hao. Miaka niliyofundisha Garissa nalikuwa na Probox, gari la Toyota lililoanza kutengenezwa mwaka 2002, lisilo na uzuri wowote wa kutazamwa, ambalo watu wa Kaskazini Mashariki hulipakia mbuzi, magunia ya sukari na mitungi ya gesi, na ambalo wachukuzi wa miraa hulikimbiza usiku na mchana bila kulipa nafasi ya kupoa, jambo ambalo, ajabu yake, huisaidia injini kuishi, kwa maana injini isiyolala haina alfajiri ya kuogopa. Langu lilikuwa likilala. Lilikuwa limetoka Japani likiwa limekwisha kutumika, kama karibu wenzake wote, kwa kuwa kanuni yetu iitwayo KS 1515 hukataza kuingizwa nchini gari lililopita miaka minane, nao wafanyabiashara huyaleta mengi yakiwa yamekaribia mpaka huo huo. Kila alfajiri nilipolipiga stata lilitoa kwanza mtikisiko kama wa mtu anayetikisa sanduku la misumari, kisha misumari ikatulia na kubaki tik-tik-tik nyembamba ya haraka, ambayo nayo ilikufa kabla sijafika kwenye lango la shule. Katika mji mmoja mkubwa wa njia ya Nairobi, gereji moja ambayo sitaitaja ilisikiliza injini hiyo saa nane mchana, baada ya safari ya masaa matano, ikaniambia kwamba imekwisha, haina budi kufunguliwa yote, na kwamba nitayarishe shilingi elfu themanini.

Sikuwa nazo, na ukata huo ndio ulioniokoa. Nilirudi Garissa, mwalimu mwenzangu akanielekeza kwa fundi mmoja ambaye gereji yake haikuwa na ukuta wala bango. Ilikuwa ni kivuli cha mwarobaini, na mchanga ulio chini yake ulikuwa umenywa oili ya miaka mingi mpaka ukawa mweusi na mgumu kama lami. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kisomali mwenye ndevu zilizotiwa hina, aliyechunga ngamia utotoni, akawa utingo wa lori, kisha dereva, kisha fundi. Aliweka kiganja chake juu ya boneti, akakiondoa upesi kwa kuwa ilikuwa ya moto, akacheka.

“Mwalimu,” alisema, “umeniletea mtu ameshiba, unataka nimpime njaa. Acha gari hapa. Usiliwashe, hata kulisogeza. Kesho tukitoka msikitini, njoo.”

Nilifika saa kumi na mbili kasorobo, mwanga ukiwa ndio kwanza unaanza kuwatenganisha mbuzi na vichaka. Mzee alianza kwa kuchomoa kijiti cha oili, na taratibu hii nataka msomaji aishike: oili hupimwa kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali palipo sawa, kwa kuwa kelele nyingi za alfajiri hazina maradhi nyuma yake ila upungufu wa oili, na injini ya namna ile, ambayo oili yake yote pamoja na ya filta ni karibu lita 3.7, ikipungukiwa lita moja huwa kama mtu aliyetolewa robo ya damu. Yangu ilikuwa katikati ya alama mbili, si haba. Akaipaka kati ya kidole gumba na cha shahada, akaisugua kama mtu atafutaye mchanga katika unga, akainusa isije ikawa imeingiwa na petroli.

“Umetia gani?”

“Ishirini hamsini, mzee.”

Akatikisa kichwa wala asiseme neno. Zile tarakimu zilizoandikwa juu ya mkebe wa oili, ambazo wengi wetu huzisoma kama alama za mtihani, kwamba kubwa ndiyo bora, zina maana yake: iliyo kabla ya herufi W hueleza tabia ya oili katika baridi, na iliyo baada yake hueleza uzito wake katika joto la nyuzi 100. Oili ya 15W hupimwa kama itaiachia injini izunguke katika nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri, ambayo si hesabu ya mchezo kwa Wasomali wa Minneapolis, mji ambao familia nyingi za Garissa zina jamaa ndani yake, na ambako katika Januari kuna magari yanayolazwa yamechomekwa waya wa umeme ili injini zisigande. Garissa haina haja ya hayo yote, na katika zama za Peugeot 504 na Land Rover, uzito wa 20W-50 ulikuwa haki yake. Lakini injini ya Probox yangu, ambayo ni 1NZ-FE ya lita 1.5, ilisanifiwa kwa oili nyepesi ya namna ya 5W-30, ina njia nyembamba za kuipandisha juu, na oili nzito, ijapokuwa haigandi huku kwetu, hupanda kwa ajizi.

Alinipa ufunguo, akaniambia nipige stata atakapoinua mkono, wala nisikanyage mafuta hata kidogo, maana mwenye kukanyaga mafuta saa hiyo hufuta maandishi kabla hayajasomwa, fauka ya kuiumiza injini ambayo koo lake bado ni kavu. Akashika bisibisi ndefu, ncha yake akaiweka juu ya kifuniko cha mbele kinachoficha cheni, mbali na mkanda, na mpini wake akaubana sikioni. Akainua mkono. Injini ikawaka, lile sanduku la misumari likatikisika, naye akahesabu kwa sauti kwa Kisomali, kow, laba, saddex, na alipotamka saddex misumari ikanyamaza, ile tik-tik ikabaki peke yake.

“Hizi ni mbili,” akasema. “Ndugu wawili, mama mbalimbali.”

Ya kwanza ilikuwa cheni ya taimingi, ile inayoifunga kamshafti na krankshafti ili zizunguke kwa mapatano, nayo hukazwa na kidude kidogo kinachosukumwa na shinikizo la oili. Oili ikichelewa kufika, kidude hicho hulegea, na cheni huupigapiga mwongozo wake mpaka msaada uje. Sekunde moja ni ya kusamehewa. Sekunde tatu kila siku ni swali, na jawabu zake ni nne: ama oili ni kidogo, ama ni nzito, ama cheni imerefuka kwa umri, ama filta imeiachia oili ikarudi yote chini usiku. Baadaye aliifungua filta yangu, akaigeuza, akaniambia nitie ncha ya bisibisi katika vile vitundu vidogo vinavyozunguka tundu kubwa la katikati. Humo, katika filta iliyo nzuri, mna kijiwambo cha mpira laini ambacho huiruhusu oili kuingia na kuikataza kurudi injini ikizimwa. Changu kilikuwa kikavu na kigumu kama ngozi ya papa wa kukaushwa, wala hakikugusa kingo zake. Nilikumbuka kwamba filta ile niliinunua kwa bei ya kuchekesha, nayo ilikuwa na jina maarufu lililokosewa herufi moja. Sheria ya kupambana na bidhaa bandia tunayo tangu mwaka 2008, lakini afisa wa sheria hatakuwapo dukani siku mnunuzi anapopewa filta mkononi, na kutia bisibisi tunduni hakulipiwi.

Ile tik-tik ilikuwa mtihani mgumu zaidi. Kila mtu angesema ni tapeti, yaani nafasi ya valvu iliyozidi kiasi chake, nami pia ningesema hivyo, kwa kuwa mdundo wake ulikuwa ni ule ule: kamshafti huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, hivyo injini iliyotulia kwenye mizunguko 800 kwa dakika, kila valvu yake hufunguka mara 400, yaani mara sita au saba kwa sekunde. Ila moshi nao hutoka silinda kwa hesabu hiyo hiyo, na penye tundu la kupenya hutoa tiki isiyo na tofauti na ya tapeti kwa sikio lililo mbali. Hapo mzee aliweka bisibisi chini akatwaa kipande cha mpira wa kumwagilia maji, urefu wa nusu mita. Mwaka 1816 tabibu wa Kifaransa, René Laennec, alipoona haya kuweka sikio lake juu ya kifua cha mwanamke, alikunja karatasi zikawa bomba, akasikia moyo kwa uwazi ambao hakuutarajia, na kutokana na bomba lile vikazaliwa vyombo vyote ambavyo madaktari huvining'iniza shingoni. Mzee wangu hakuwa na habari za Laennec, naye alifanya vile vile, ncha moja sikioni, ncha ya pili akiipitisha taratibu juu ya kifuniko cha valvu, ambako hakusikia kitu, kisha kando ya manifoldi ya moshi, ambako aliniita nami nisikilize. Ilikuwa si tik tena. Ilikuwa ni pumzi: puf, puf, puf. Akaleta tochi, akanionyesha mstari mweusi wa masizi, mwembamba kama wanja, palipokutana manifoldi na hedi, ambapo gasketi imelika kidogo. Chuma kikiwa baridi ufa huo hubaki wazi, kikipata moto hutanuka na kuuziba. Na kwa hakika tulipokuwa tungali tumeinama, kama dakika nne tangu kuwasha, pumzi ile ilififia, ikakatika.

Nalimwuliza amejifunzia wapi kusikiliza namna hiyo. Akaniambia habari za koor, kengele ya mti ifungwayo shingoni mwa ngamia, ambayo mchungaji aliyelala gizani huijua kama mnyama anakula, au anatembea, au ameshtuliwa na fisi, bila kufumbua macho. Sidai kwamba kila mchungaji ni fundi. Nadai kwamba mtu aliyelelewa mahali penye ukimya mwingi ana faida juu yetu sisi tuliolelewa kando ya vituo vya matatu.

Kwa mzee huyo kelele zote za injini huingia katika mazizi mawili, na hilo ndilo jambo la kwanza analolitaka kwa mteja kabla ya kuuliza aina ya gari: je, kelele yako hufa injini ikipata moto, au huzaliwa ikipata moto? Inayokufa, kwa kawaida, inakupa muda. Inayozaliwa au inayokua hiyo haikupi, kwa sababu oili ikipata moto huwa nyepesi, na beringi za rodi zilizolika, ambazo alfajiri zilibebwa na unene wa oili, huanza kugongana na krankshafti, mlio mzito wa chini, unaojibu kila mguu ukanyagapo mafuta, na siku moja rodi hutoka nje ya ubavu wa injini katikati ya njia. Wakenya husema imenoki.

Katika zile zinazokufa, iliyo nyingi zaidi upande huu ni ya pistoni, na mama yake ni vumbi. Barabara ya Dadaab, mwendo wa kiasi cha kilomita 100, imepitiwa na magari ya misaada tangu kambi za wakimbizi zilipoanzishwa mwaka 1991, na atembeaye nyuma ya lori katika msimu wa jilaal, ule wa ukavu mkubwa, haoni lori wala mwiba, huona wekundu mtupu. Ndani ya vumbi lile mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Filta ya hewa ikitoboka, au, jambo litokealo kila siku, ikipulizwa kwa kompresa mara kwa mara mpaka karatasi yake ikachoka, chembe hizo huingia, huchanganyika na oili, zikawa msasa uzungukao ndani ya injini. Silinda hupanuka. Sasa pistoni ni ya alumini, ambayo hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma cha silinda, kwa hiyo ikiwa baridi huwa nyembamba kupita kiasi, hupwaya, na hugonga ukuta mlio mfu, kama kifundo cha kidole juu ya mlango wa mbao. Ikipata moto hunenepa, ikajaza nafasi yake, mlio ukapotea. Gari la namna hii laweza kuishi miaka likipewa oili kwa wakati wake na hewa safi, na mwenye kulifungua kwa ajili ya mlio huo peke yake, kama halili oili wala halitoi moshi wa buluu, hutafuta hasara kwa kurunzi.

Injini za dizeli zina hukumu yao. Land Cruiser zile za injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ambazo tangu mwaka 1990 zimekuwa miguu ya polisi, ya hospitali na ya mashirika katika kaunti hizi zote, huamka kwa kugonga hata zikiwa mpya. Dizeli haina plagi ya cheche; hewa hugandamizwa zaidi ya mara 20 mpaka joto lake liwashe mafuta, na kuta zikiwa baridi moto huchelewa, mafuta hulimbikana, kisha huwaka yote kwa pigo moja. “Ngamia akipakiwa mzigo hulia,” alisema mzee, “na hana ugonjwa.” Ila kilio kikizidi dakika chache, fundi atazame hita plagi, atazame nozo, na amwulize dereva amenunua wapi mafuta, maana dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga zaidi na huikausha pampu, na uovu huo ulikuwa umeenea hata serikali, mwaka 2018, ikaweka tozo ya shilingi 18 juu ya kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida yake. Kwa pampu za kale mafundi hulegeza nati ya bomba la nozo, silinda moja baada ya moja, na mlio ukibadilika wamempata mkosaji. Asijaribu mtu jambo hilo kwa dizeli za kisasa zinazoendeshwa na kompyuta, ambazo mafuta yake hukimbia kwa shinikizo la kuweza kupasua nyama ya mkono.

Kelele za mikanda sitazikalia. Mkanda unaolia kama paka, mwagie maji kidogo, ukinyamaza umeungama.

Probox yangu ilipewa filta ya kweli, oili ya 5W-30 na gasketi mpya ya manifoldi, kwa gharama isiyofika sehemu ya kumi ya ile niliyotajiwa. Ikalala tena chini ya mwarobaini. Alfajiri ya pili mzee aliinua mkono, nikapiga stata, misumari ikatikisika kwa muda wa kutamka kow, ikanyamaza, wala hakuna tik iliyofuata. Aliisikiliza cheni kwa bisibisi yake mpaka chai ikapoa.

“Inakohoa,” akasema. “Imezeeka. Ikifika laba, niletee.”

Nilikuwa nikitafuta pesa mfukoni aliponishika mkono. Ng'ambo ya njia lori la mifugo lilikuwa limewashwa kabla yetu, nalo sasa lilikuwa limepata moto, ng'ombe wamekwisha kupakiwa, utingo yuko juu ya mabomba. Dereva akakanyaga mafuta, na kutoka tumboni mwa lori ukatoka mlio mzito, du, du, du, ambao kabla ya hapo sikuwa nimeutambua. Mzee akatupa macho kwa dereva, akapaza sauti kumwita kwa Kisomali, dereva akapunga mkono kama mtu aliyeamkiwa, akaingia barabara ya Modogashe. Tulisimama tukiusikia mlio ule ukigonga mpaka ulipopita nyumba za mwisho.